Jua Neno Kabla ya Kutia Dole Gumba

 

Ndugu msomaji, huku kwetu Nyakahura, wilayani Biharamulo, mara nyingi shamba huhama mkono kwa karatasi moja iliyochanwa katika daftari. Ugomvi unaofuata aghalabu hautokani na wizi, bali na neno ambalo mmoja wa wawili hao hakulielewa. Basi yafaa tuyajue maneno manne.

La kwanza ni kuuza. Ukiandika "nimeuza", haki yako imekatika, ijapokuwa baadaye umepata fedha za kurejesha. Na ijulikane kuwa kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kiuzwacho ni haki ya kuitumia, pamoja na nyumba na migomba iliyomo. Kijijini haki hiyo huitwa hakimiliki ya kimila, nayo hurithiwa.

La pili ni rehani. Hapa shamba hubaki lako, limeshikwa kwa deni tu, na deni likilipwa hurudi. Lakini mwenye shida ya karo au matibabu hukopa, akaweka shamba lake, kisha karatasi ikaandikwa "nimeuza" ili mkopeshaji atulie moyo. Siku akija na fedha, huonyeshwa dole gumba lake mwenyewe, na wanawe wamekwisha kosa pa kulima. Tena mkopeshaji asishurutishe kula ndizi za shamba hilo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mazao ya rehani ni ya mwenye mali, na mkopo ulioshurutishiwa faida ni riba.

La tatu ni arbuni, fedha itangulizwayo ili muuzaji asimwuzie mwingine. Wanavyuoni wengi, Mashafi wakiwamo, wamekataza muuzaji kuila endapo mnunuzi ataghairi, Mahanbali wameiruhusu. Kwa usalama iandikwe kuwa ni sehemu ya malipo, na itarudishwa biashara isipotimia.

La nne ni idhini. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, uhamisho wa shamba la kijiji hutaka idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na mhuri wa mwenyekiti peke yake si halmashauri. Tangu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilikwisha tamka kuwa mauzo yasiyo na idhini ya kijiji hayana nguvu. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 humzuia mume kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mkewe, na mke vivyo hivyo.

Enyi ndugu, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara imetuagiza kuandika deni la muda na kushuhudisha tunapouziana. Tena imeagiza kuwa mwenye kudaiwa ndiye amtamkie mwandishi maneno, na aliye dhaifu atamkiwe na msimamizi wake kwa uadilifu. Sisi tumeligeuza jambo hili: mwenye fedha ndiye atamkaye, na mnyonge hutia dole. Basi karatasi isomwe kwa sauti mbele ya mashahidi, kwa lugha aijuayo mwenye shamba, naye aseme kwa kinywa chake: nimeuza, au nimeweka rehani.