Kanada: Vyama vyagombea asilimia, mageuzi ya kodi yabaki kabatini

Na Mwandishi Wetu

WAPIGA kura wa Kanada walipokwenda vituoni Aprili 28, 2025, vyama vilivyokuwa vikiwania kura zao vilikuwa vimekwisha kuwaahidi jambo linalofanana: kupunguziwa kodi ya mapato, ile ambayo wafanyakazi wa huku kwetu huifahamu zaidi kwa jina la PAYE. Kilichobaki kubishaniwa kilikuwa ni kiasi.

Chama cha Liberal, kilichoongozwa na Waziri Mkuu Mark Carney, kiliahidi kushusha kiwango cha daraja la chini kabisa la kodi hiyo kutoka asilimia 15 hadi asilimia 14. Chama cha Conservative, chini ya Pierre Poilievre, kilipanda dau na kutaja asilimia 12.75.

Chama cha NDP, chenye mrengo wa kushoto na kilichoongozwa wakati huo na Jagmeet Singh, kilishika njia tofauti. Kilitaka sehemu ya mapato isiyotozwa kodi iongezwe hadi dola 19,500, na nafuu hiyo waondolewe wenye mapato makubwa. (Dola zote katika makala haya ni za Kanada.)

Matokeo yanajulikana. Liberal walipata viti 169 kati ya 343, vitatu pungufu ya wingi unaotakiwa ili kutawala bila kutegemea wengine. Conservative walipata viti 144. NDP waliporomoka hadi viti saba, na Singh mwenyewe akapoteza kiti chake.

Serikali ya Carney haikuchelewa. Punguzo lilianza Julai 1, 2025, kwa hiyo kiwango cha mwaka huo mzima kikawa asilimia 14.5, na kwa mwaka 2026 kikashuka hadi asilimia 14. Ahadi ya jukwaani ikatimizwa, jambo ambalo si la kila siku katika siasa.

Hata hivyo, katika kelele zile za asilimia moja dhidi ya mbili na robo, swali kubwa zaidi halikupata nafasi: je, mfumo wenyewe wa kodi ya mapato wa nchi hiyo bado unatenda haki, au vyama vimeugeuza kuwa uwanja wa kunadi kura?

Jibu linaanzia kwenye hesabu yenyewe. Serikali ilieleza kwamba punguzo hilo lingewanufaisha watu wapatao milioni 22, kwamba mtu mmoja angeokoa hadi dola 420 kwa mwaka 2026, na kwamba hazina ingepoteza zaidi ya dola bilioni 27 katika kipindi cha miaka mitano.

Neno la kuangaliwa hapo ni "hadi". Mfanyakazi anayepata dola 25,000 kwa mwaka 2026 hatozwi kodi ya serikali kuu kwa dola 16,452 za mwanzo. Zinazobaki ni dola 8,548, na asilimia moja ya kiasi hicho ni dola 85 tu.

Mwenzake anayepata dola 58,523, ambako ndiko daraja la kwanza linakoishia, anaokoa dola 420. Daktari au mwanasheria anayepata dola 150,000 naye anaokoa dola 420 hizo hizo, kwa sababu kila mlipakodi hupita katika daraja la kwanza kabla ya kupanda la pili. Mzee au kibarua mwenye mapato ya dola 15,000 haokoi chochote.

Kwa maneno mengine, punguzo lililotangazwa kuwa ni la daraja la chini halikuwa la watu wa kipato cha chini. Ahadi ya Conservative isingebadilisha sura hiyo, bali ingeikuza: kwa mapato hayo ya 2026, yule wa dola 25,000 angepata takriban dola 192, na yule wa dola 58,523 angepata zaidi ya dola 940.

Watetezi wa punguzo wanaweza kujibu, na si bila haki, kwamba asiyelipa kodi hana cha kupunguziwa, na kwamba wasio na kitu husaidiwa kwa njia nyingine, kama vile posho ya watoto iliyoanzishwa Julai 2016. Hoja hiyo ina uzito, na tutairudia. Lakini kwanza ni vyema kutazama tulikotoka.

Kodi ya mapato ya serikali kuu ya Kanada ilizaliwa mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, chini ya serikali ya Robert Borden. Ilianzishwa kama hatua ya wakati wa vita. Vita vilikwisha, kodi ikabaki, na kila kizazi cha wanasiasa kikaiongezea viraka.

Jaribio la dhati la kuifumua na kuishona upya lilikuja mwaka 1962, pale serikali ya John Diefenbaker, ya chama cha Progressive Conservative, ilipounda tume chini ya mhasibu Kenneth Carter. Ripoti ya tume hiyo, yenye majuzuu sita, ilitolewa hadharani Februari 1967, wakati Liberal wa Lester Pearson wakiwa wamekwisha kushika madaraka.

Msingi wa ripoti ya Carter ulikuwa mwepesi kueleweka na mgumu kumezwa: dola ni dola. Iwe imetokana na mshahara, mauzo ya hisa, zawadi au urithi, itozwe kodi kwa namna moja, kwa kuwa humwongezea mwenye nayo uwezo ule ule. Tume ilipendekeza pia kiwango cha juu kabisa kishushwe hadi asilimia 50, ili uwanja upanuliwe na mzigo wa kila mmoja upungue.

Upinzani wa wafanyabiashara na wa baadhi ya serikali za majimbo ulikuwa mkali. Sheria iliyopitishwa mwaka 1971 na kuanza kutumika Januari 1972 ilichukua nusu ya hoja hiyo, na hapa neno nusu lina maana yake halisi: faida ya mauzo ya mali na hisa ilianza kutozwa kodi, lakini kwa nusu yake tu. Wakati huo huo, kodi ya urithi ya serikali kuu ilifutwa.

Tangu hapo, Kanada haijaunda tume nyingine yenye mamlaka mapana kama yale. Yaliyofuata ni mabadiliko ya mawaziri wa fedha. Makubwa zaidi yalikuwa ya Michael Wilson yaliyotangazwa mwaka 1987, ambayo yalipunguza madaraja kutoka kumi hadi matatu na kuziba baadhi ya mianya. Leo madaraja ni matano.

Sehemu iliyobaki ya historia hiyo ni ya kujenga na kubomoa. Serikali ya Stephen Harper ilianzisha nafuu za makundi: ya nauli za usafiri wa umma, ya michezo ya watoto, ya sanaa za watoto. Mwaka 2014 ikaongeza utaratibu uliowawezesha wanandoa wenye watoto kugawana mapato kwenye karatasi ili kupunguza kodi, kwa nafuu isiyozidi dola 2,000.

Liberal wa Justin Trudeau walipoingia madarakani mwishoni mwa mwaka 2015, waliufuta mgawano huo, na kufikia 2017 nafuu zile za watoto na nauli zilikuwa zimeondolewa. Walishusha kiwango cha daraja la pili kutoka asilimia 22 hadi 20.5, wakaweka daraja jipya la asilimia 33 kwa mapato yaliyozidi dola 200,000. Ilikusudiwa mkono mmoja ulipe kilichotolewa na mwingine, lakini Waziri wa Fedha, Bill Morneau, alikiri kuwa palikuwa na pengo la zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka.

Jimbo la Alberta nalo lina kisa chake. Mwaka 2001 lilianza kutoza kiwango kimoja cha asilimia 10 kwa watu wote, fahari ya wahafidhina. Mwaka 2015, serikali ya NDP ya Rachel Notley iliurudisha mfumo wa madaraja. Mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Hata hivyo, mfano unaofundisha zaidi ni wa karibuni. Katika bajeti ya Aprili 2024, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Chrystia Freeland, alitangaza kwamba sehemu inayotozwa kodi katika faida ya mauzo ya mali ingepanda kutoka nusu hadi theluthi mbili. Kwa mtu binafsi ingehusu faida iliyozidi dola 250,000 kwa mwaka, na kwa kampuni faida yote. Tarehe ya kuanza ikawekwa Juni 25, 2024, na mapato yaliyotarajiwa yalikuwa dola bilioni 19.4 katika miaka mitano.

Conservative walipiga kura ya kupinga, wakisema hatua hiyo ingewafukuza wawekezaji, madaktari na wakulima. Poilievre akaahidi kuunda kikosi kazi cha mageuzi ya kodi ndani ya siku 60 za kuingia madarakani. Liberal walijibu kwamba si haki muuguzi atozwe kodi kwa mshahara wake wote ilhali tajiri anatozwa kwa nusu ya faida yake.

Kilichotokea baadaye kilikuwa kioja. Sheria yenyewe haikupitishwa. Januari 2025, Trudeau alitangaza kung'atuka na kikao cha Bunge kikafungwa. Mwishoni mwa mwezi huo utekelezaji uliahirishwa hadi 2026. Machi 21, 2025, wiki moja tu baada ya kuapishwa, Carney, wa chama kile kile cha Liberal, aliufuta mpango mzima. Baadhi ya wenye mali walikuwa wamekwisha kuharakisha mauzo ili kuikwepa kodi ambayo haikuwahi kuja.

Anayedhani kwamba mzozo huo ni wa itikadi zilizosimama imara na arejee miaka ya nyuma. Sehemu hiyo ilipandishwa kutoka nusu hadi theluthi mbili mwaka 1988, kisha hadi robo tatu mwaka 1990. Aliyekuwa madarakani ni Brian Mulroney wa Progressive Conservative. Ilirudishwa hadi nusu mwaka 2000, na aliyekuwa Waziri wa Fedha ni Paul Martin wa Liberal.

Martin alifanya hivyo Oktoba 2000, wiki chache kabla ya uchaguzi, akikabiliwa na chama cha Canadian Alliance cha Stockwell Day kilichonadi kodi ya kiwango kimoja cha asilimia 17. Ndiyo kusema chama kinaweza kuitetea leo kodi kilichoipinga jana, ikiwa kura zitadai hivyo.

Kwa nini vyama vinafanya hivi? Sababu ya kwanza ni hofu. Serikali ya Mulroney ilianzisha kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 7 mwaka 1991. Katika uchaguzi wa 1993 chama chake kilibakiwa na viti viwili bungeni. Kodi hiyo haikuwa sababu pekee ya anguko hilo, lakini ilikuwa miongoni mwake, na hakuna mwanasiasa wa Kanada aliyesahau.

Ya pili ni wembamba wa ushindi. Serikali zisizo na wingi wa viti zimekuwa jambo la kawaida tangu 2004. Bajeti ya Novemba 2025 ilipita kwa kura 170 dhidi ya 168. Serikali inayopumua kwa kura mbili haiwezi kuthubutu kufumua mfumo ambao kila mshono wake una mwenyewe.

Ya tatu ni kwamba punguzo la asilimia moja hutangazika kwa sentensi moja, ilhali mageuzi yanahitaji majuzuu sita.

Sasa turudi kwenye ile hoja kwamba maskini husaidiwa kwa njia nyingine. Ni kweli, lakini njia hiyo hupita katika ofisi ile ile ya kodi. Posho ya watoto na misaada mingine hukokotolewa kutokana na ritani ya kodi ambayo raia hujaza kila mwaka. Asiyejaza hapati, na wasiojaza mara nyingi ni wale wanaohitaji zaidi. Katika jimbo la Quebec mkazi hujaza ritani mbili, moja ya jimbo na nyingine ya serikali kuu.

Bajeti ya Novemba 2025 iliahidi kwamba wakala wa mapato utaanza kuwajazia ritani watu wenye mapato madogo ili misaada iwafikie. Hatua hiyo haikupata hata robo ya kelele zilizopigwa kuhusu asilimia 14 na 12.75. Lakini kwa mama wa watoto wawili asiyejaza ritani, ina thamani kuliko mapunguzo yote mawili yakijumlishwa.

Bajeti hiyo hiyo ilionyesha nakisi ya dola bilioni 78.3 kwa mwaka wa fedha 2025/26. Nchi yenye pengo la ukubwa huo itahitaji, mapema au baadaye, kuamua nani alipe nini. Yawezekana uamuzi huo ukafanywa kwa tume inayokubaliwa na pande zote, kama alivyothubutu Diefenbaker mwaka 1962. Yawezekana pia ukafanywa kama ilivyozoeleka, usiku wa kuamkia uchaguzi, kwa kushindana kutaja tarakimu.

Wapiga kura wa Kanada wamekwisha kuonyesha kwamba wanapenda kupunguziwa. Wakiulizwa tena, ni vyema nao wamuulize mgombea swali moja: katika dola hizo unazotuahidi, ngapi zitamfikia anayepata dola 25,000 kwa mwaka, na nani atazilipa?