Staa, Hicho Kidude cha Wi-Fi Umekijaribu Kweli?

Wadau, kuna staa mmoja wa Bongo anatangaza kidude cha kuongeza Wi-Fi, eti ukichomeka tu chumbani neti inapaa. Mi nikanunua. Mistari ya Wi-Fi imejaa, video haifunguki!

Jamani, kile kidude hakitengenezi intaneti, kinarudia tu ile kinayopokea. Ukikiweka penye neti mbovu, kinakusambazia ubovu. Vile vya bei chee spidi inaweza kushuka hadi nusu. Kiweke katikati, pale neti bado inashika vizuri, au vuta waya.

Mdogo wangu alikuwa anatuma maombi ya mkopo wa chuo siku ya mwisho, ikakata. Usiku tukakimbilia steshenari.

Staa, watu wanakuamini. Kabla hujala hela ya tangazo, kijaribu kwako kwanza. Au nakosea, wadau?