Kisigino cha mkulima wa korosho

Na Hadija Chilumba

Korosho zikianza kudondoka mwezi wa kumi, huku kwetu Newala na Masasi ndipo miguu nayo inapoanza kulalamikiwa. Mama anaamka alfajiri, anashusha mguu chini, na hatua ya kwanza inamchoma kisiginoni kama amekanyaga msumari. Anachechemea mpaka uani. Akishatembea kidogo anapata nafuu, anabeba ndoo yake kwenda shambani, anainama kuokota na kutenganisha korosho na mabibo. Akikaa kivulini kisha akainuka, maumivu yanarudi palepale. Ukimuuliza atakwambia ni uzee. Ana miaka arobaini!

Huo si uzee. Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole, nao ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Ukivutwa kupita uwezo wake siku baada ya siku, unaumia pale ulipojishika na kisigino. Usiku unakaza, asubuhi unavutwa ghafla. Na miguu ya Uwanda wa Makonde inavutwa kweli. Kwenye mchanga wetu mguu unazama, na miteremko ya kushuka bonde la Ruvuma ni ileile ambayo wageni huja kuitazama pale Shimo la Mungu. Bibi zetu na mama zetu wameipanda na maji kichwani, kwa sababu juu huku maji yamekuwa ya shida miaka yote. Ongeza hapo kandambili zilizolika nyuma.

Dawa ya maumivu ya diklofenaki inatuliza, haijengi. Tena ikimezwa wiki baada ya wiki inaumiza tumbo na figo. Kinachojenga ni mazoezi tiba. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark wakiongozwa na Michael Rathleff walilinganisha wagonjwa wa kisigino waliokuwa wakinyoosha unyayo tu na wale waliokuwa wakinyanyua visigino. Baada ya miezi 3, walionyanyua walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Zoezi lenyewe halihitaji mashine. Kunja kanga iwe kama mto mdogo, iweke ukingoni mwa ngazi ya kibaraza, kanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu unaouma, vidole vikiwa juu ya kanga na kisigino kikining'inia. Shika nguzo. Panda taratibu kwa sekunde 3, tulia juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Rudia mara 12, pumzika, kisha fanya tena mpaka mizunguko itimie mitatu. Leo fanya, kesho pumzika. Mguu mmoja ukishindwa, anza na yote miwili. Ukizoea, beba mzigo kidogo mgongoni. Asiye na subira ya miezi asitarajie kupona.

Kifundo cha mguu kilichoteguka tunakitesa zaidi. Kijana ameteleza na mashine ya kupulizia mikorosho salfa mgongoni, jioni anapelekwa kuchuliwa, anakandwa maji ya moto na kuvutwa mpaka analia. Nawaheshimu wazee wetu wanaochua, lakini mguu uliovimba leo usichuliwe leo. Ufungwe bandeji, uinuliwe juu ya mto, na maumivu yakipungua uanze kuchezeshwa taratibu. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kipimo rahisi mwaka 1992: asiyeweza kupiga hatua 4, au anayeumia mfupa wa kifundo ukibonyezwa kwa nyuma, apigwe eksirei. Kama hakuna kilichovunjika, ajizoeze kusimama kwa mguu huo mmoja kila anapopiga mswaki. Kifundo kilichoteguka hupoteza uwezo wa kujihisi kilivyokaa, ndiyo maana wengi huteguka tena palepale.

Mwenye ganzi au kidonda asichoumia, huyo asianze zoezi lolote. Aende hospitali akapimwe sukari, na aangaliwe ukoma, ambao kusini mwa Tanzania bado haujaisha.

Shida ni kwamba mambo haya mkulima hayasikii popote. Mtaalamu wa mazoezi tiba, yaani fiziotherapia, hayupo zahanati ya kijijini. Kumfuata ni nauli na siku nzima, na korosho hazingoji. Lakini mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaoingia nyumba kwa nyumba. Huyo ndiye wa kufundishwa zoezi la kanga, namna ya kufunga kifundo, na dalili za kumkimbiza mtu hospitali. Sioni kwa nini mafunzo hayo yachukue zaidi ya siku mbili. Vyama vya msingi vya ushirika navyo vina mikutano kabla ya minada ya korosho, na nusu saa ya mtaalamu pale ingewafikia wakulima wengi kwa mara moja.

Naziomba halmashauri 4 za Masasi na Newala: waiteni wataalamu wenu wa fiziotherapia, wakae na wahudumu hao mwezi wa tisa, kabla korosho hazijaanza kudondoka.