Mbwa Asiyesema na Baba Asiyeulizwa

Kila mara sinema za burudani zinapotajwa katika vikao vyetu vya kupokea mapendekezo ya tasnifu, kauli mbili hutolewa. Ya kwanza ni kwamba sinema hizo si fasihi. Ya pili, ambayo hutolewa kwa sauti ya upole zaidi, ni kwamba ramsa za kifamilia, hasa zile za mbwa apendwaye na watoto, hazina neno: ni kicheko tu, tena kicheko cha binadamu wote. Mwanafunzi hurudishwa akatafute mada "nzito". Kauli ya kwanza haistahili kutuchelewesha. Idara inayofundisha visa vya Sungura na Fisi na kuviita fasihi haina msingi wa kumfukuza mbwa mlangoni kwa sababu ya manyoya yake. Kauli ya pili ndiyo yenye madhara, kwa kuwa inatoa cheti cha usafi kwa kazi ambayo hakuna aliyeikagua.

Makala haya yanadai kwamba katika ramsa hizi mbwa ndiye mtoa hoja mkuu, na kwa kuwa hana kauli, hoja yake haijibiwi na yeyote. Hapo ndipo ilipo nguvu ya utanzu huu.

Tuchukue mfano unaofahamika, Beethoven, filamu ya 1992 iliyoongozwa na Brian Levant na ambayo imezaa mfululizo wa filamu nane hadi 2014. George Newton ni mfanyabiashara wa manukato ya kuondolea harufu vyumbani. Hataki mbwa. Mtoto wa mbwa aina ya St. Bernard aingia nyumbani kwake, akua, aharibu zulia, suti na usingizi wa mwenye nyumba. Hadi hapo tumo katika futuhi ya kawaida, na haina ubaya: mwili mkubwa wenye matope ndani ya nyumba safi umechekesha watu tangu zamani. Lakini tazama kazi anazopewa mnyama huyu baadaye. Wenye mtaji wanaopanga kumpokonya George kampuni yake wanakuja kula nyumbani kwake; mbwa awafunga kwa kamba yake na kuwaburura. Mkewe, Alice, anakubali shingo upande kutoka kwenda kusaidia katika biashara. Watoto wanaachiwa yaya, na mdogo wao, Emily, anatumbukia bwawani. Yaya yumo ndani, hana habari. Anayemwokoa mtoto ni mbwa.

Tusimame hapo bwawani, maana wengi hupita mbio. Mama ametoka kwenda kazini; mtoto nusura afe. Laiti kauli hiyo ingewekwa kinywani mwa mhusika yeyote, mathalani shangazi au kasisi, nusu ya ukumbi ingeguna. Ingekuwa ni mahubiri dhidi ya mwanamke mfanyakazi, na mtazamaji angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini baba, ambaye naye yuko kazini, hahesabiwi kuwa hayupo. Mtunzi ameiepuka hatari hiyo kwa kumpa mbwa jukumu lote. Nani atabishana na mnyama aliyelowa maji ambaye ametoka kumwokoa mtoto? Suala la kazi ya Alice limekwisha kuamuliwa kabla ya hoja kutolewa. George naye atatubu baadaye, lakini kosa linalotubiwa kwa kishindo ni moja tu: kumpeleka mbwa kwa daktari wa mifugo, Varnick, anayetaka kujaribia risasi kwenye mafuvu ya mbwa wakubwa. Uovu wa Varnick umekuzwa mno kwa sababu maalumu. Mbele ya mtu kama huyo, baba yeyote atoka mweupe.

Wala si jambo la filamu moja. Katika The Shaggy Dog ya kampuni ya Walt Disney (1959), kijana Wilby ageuzwa mbwa kwa uchawi wa pete na kuwafichua majasusi. Sifa zote zamwendea baba yake, mtu asiyeweza kuvumilia mbwa, pamoja na mbwa halisi wa jirani. Mtoto aliyetenda kazi hapati kitu, na filamu yatutaka tucheke. Katika mwendelezo wa 1976, The Shaggy D.A., Wilby mtu mzima aliigizwa na Dean Jones. Ni Dean Jones huyo huyo aliyemwigiza Varnick mwaka 1992! Mwanafunzi wa mwingilianomatini angepata sura nzima hapo, endapo angeruhusiwa kuiandika.

Wapo watakaosema kwamba hata hurafa zetu huwatumia wanyama. Ni kweli, lakini Sungura husema. Kwa kuwa husema, hudanganya. Na kwa kuwa hudanganya, msikilizaji humpima na pengine kumhukumu. Vivyo hivyo katika Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert. Katika kisa cha Alfu Lela Ulela ambacho kina nasaba na riwaya hiyo, ndugu wahalifu waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani. Vyovyote iwavyo, mnyama yule ni binadamu mwenye kesi, na Adili anayemchapa analazimika kujieleza mbele ya Mfalme Rai. Hakuna anayesamehewa kwa kuwa na macho ya huruma. St. Bernard wa Hollywood hana kesi wala matakwa yake mwenyewe. Anataka yale ambayo nyumba inayataka.

Na hicho "kicheko cha binadamu wote" kimepatikana wapi? Katika mitaa ya Nairobi wengi wetu tumemjua mbwa kupitia kibao cha "Mbwa Kali" langoni, tukiwa upande wa nje. Pwani, ambako fikihi ya Kishafii inaamuru chombo kilichorambwa na mbwa kioshwe mara saba, moja kwa udongo, mtoto hujifunza mapema kuweka umbali, ingawa husimuliwa pia habari za mbwa wa watu wa pangoni waliotajwa katika Sura ya Kahf. Watazamaji hawa wanapocheka, kuna kitu wamekubali kwanza: kukaa upande wa ndani wa lango, pamoja na bwawa. Namna wanavyokubali, na ni kipi wanachokataa kimyakimya, ni swali la upokezi ambalo tumewazuia wanafunzi wetu kuliuliza.

Tunaambiwa kwamba watoto hawayaoni mambo haya. Bila shaka hawayaoni. Wanayaona mapovu ya maji, wanamwona Emily akitolewa salama, nao wanashangilia. Ni mhakiki anayelipwa kuuliza kwa nini alitumbukia siku ile mama yake alipotoka.