Gome na Mzizi: Resident Evil na Suala la Asili

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara kwa mara katika mijadala ya lugha na utamaduni, lakini ni nadra mtajaji kuulizwa asili yenyewe ni kitu gani. Swali hilo linaweza kuchunguzwa kwa kutazama zao la utamaduni wa kisasa ambalo wasomi wa Kiswahili hulipuuza, yaani mchezo wa video. Resident Evil, mfululizo wa kampuni ya Capcom ya Japani, umelalamikiwa na wapenzi wake kwa miaka mingi kwamba umeikana asili yake. Malalamiko hayo yana ukweli, ila aghalabu huelekezwa pasipostahili.

Mchezo wa kwanza ulitoka mwezi wa Machi 1996 chini ya uongozi wa Shinji Mikami. Wahusika wake wakuu, Chris Redfield na Jill Valentine, wanajikuta wamekwama katika jumba kubwa msituni, huku maiti wakizurura vyumbani. Risasi ni haba. Chris ana nafasi sita tu za kubebea vitu, na Jill ana nane; abebaye ufunguo huenda akalazimika kuiacha dawa. Hata kuhifadhi hatua aliyofikia mchezaji kunahitaji utepe wa wino wa taipureta, na tepe hizo zina idadi maalumu. Kwa hivyo, kila maiti anayejitokeza huzua swali: je, apigwe risasi, au akwepwe ili risasi ziwekwe akiba kwa yatakayozuka nyuma ya mlango unaofuata?

Wapenzi wengi wanapoitaja asili ya mfululizo huu, hutaja kamera isiyosogea na milango iliyofunguka polepole gizani. Hata hivyo, mambo hayo yalitokana kwa kiasi kikubwa na udhaifu wa mashine za wakati huo. Kamera haikusogea kwa kuwa mandhari yalikuwa picha zilizotayarishwa mapema. Mlango nao ulifunguka polepole ili kuficha muda ambao mashine ilikuwa ikiisoma diski. Hilo lilikuwa gome. Mzizi ulikuwa uhaba, upweke na uamuzi mgumu.

Ushahidi wa dai hili ni Resident Evil 4 ya mwaka 2005. Kamera ilihamia nyuma ya bega la Leon Kennedy, jumba likawa kijiji cha Uhispania, na maiti wakawa wanakijiji waliotawaliwa na vimelea. Gome lote lilibanduliwa. Lakini mchezaji hakuweza kutembea huku akifyatua risasi. Alilazimika kusimama na kulenga, ilhali akijua kwamba adui mwingine anamjia kutoka nyuma. Hofu ilibaki, na sifa za mchezo huo hazijafifia hadi leo.

Mambo yalikwenda mrama katika Resident Evil 5 ya mwaka 2009. Chris anapelekwa Kijuju, eneo la kubuni Afrika Magharibi, akiwa na mwenzake Sheva Alomar ambaye huandamana naye karibu safari nzima. Upweke ukatoweka. Mwishoni, ndani ya volkano, Chris analitwanga jabali kwa ngumi hadi likabingirika. Mtu awezaye kulishinda jabali kwa mkono mtupu hana tena sababu ya kuogopa mlango.

Ni katika mchezo huohuo ambapo msomi wa Kiswahili anaguswa moja kwa moja. Maadui wake huitwa Majini, nao hupaza sauti kwa Kiswahili, ingawa Afrika Magharibi ni makao ya Kihausa, Kiyoruba, Kiwolofu na lugha nyingine nyingi, wala si ya Kiswahili. Kimelea kirukacho kimeitwa Kipepeo. Kingine kimeitwa Bui Kichwa, kana kwamba buibui aweza kukatwa nusu na abaki buibui. Dubwana lenye mabawa limeitwa Popokarimu, ukarimu ambao haukuonekana popote na ambao haukupewa hata kiambishi cha upatanisho. Wapo watakaojivunia kwamba Kiswahili kilisikika katika mchezo uliouzwa kwa mamilioni. Fahari hiyo ni ya bure, maadamu lugha ilitiwa vinywani mwa maadui wa kupigwa risasi. Tayari mwaka 2007, filamu fupi ya kuutangaza mchezo huo ilikuwa imeshutumiwa kwa kumwonyesha Mzungu akiwafyatulia risasi wanakijiji weusi.

Kasoro hizi mbili zina uhusiano. Katika jumba la 1996, hata utepe wa wino ulikuwa na kazi. Katika Kijuju, lugha nzima imekuwa pambo. Kazi ya sanaa isiyojua tena kiini chake hukopa vya watu bila kuvielewa, kwa sababu haina kipimo cha kuamulia kinachofaa na kisichofaa.

Watetezi watajibu kwamba mchezo wa 2009 uliuzwa kuliko ule wa 1996. Ni kweli. Lakini Resident Evil 6 ya mwaka 2012, iliyozidisha hadithi, milipuko na risasi za kufyatuliwa mtu akitembea, haikuyafikia matarajio ya mauzo ya kampuni yenyewe. Mnamo 2017, Resident Evil 7 ikarejea kwenye nyumba moja, familia moja ya kutisha na mkoba mdogo. Haikuirudisha kamera ya kale. Badala yake, mchezaji alitazama kupitia macho ya mhusika, jambo ambalo hakuna mchezo mkuu wa mfululizo huo uliokuwa umelifanya. Gome lilikuwa jipya kabisa, na mzizi ukawa uleule.

Mjadala huu si mgeni kwa Kiswahili. Mgogoro wa ushairi uliopamba moto miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, ulihusu swali hilohilo. Wanajadi waliona kwamba vina na mizani ndiyo asili. Wanamabadiliko walidai kwamba hayo ni mavazi tu. Kila upande ungefaidika kwa kueleza kwanza shairi hulenga kumfanyia nini msomaji, kisha kuonyesha namna umbo fulani linavyosaidia au kuzuia kazi hiyo. Kwa mintarafu hii, atakaye kuitetea asili, iwe ya shairi, ya ngano au ya mchezo wa video, ana wajibu wa kuitaja waziwazi. Asipofanya hivyo, ataishia kulilinda gome huku mzizi ukikauka.