MASTAA, ACHENI KUTAFUTIA KIKI KIGARI CHA DOGO WA MCHAFUKOGE!

Wadau, leo sina habari ya nani kaachana na nani. Nina dukuduku na nalitoa hapa hapa bila kupepesa macho. Nyie mastaa na waheshimiwa mnaopiga picha na vijana wabunifu halafu mnayeyuka, mnatukosea. Na safari hii mmekosea kwenye jambo linalogusa uhai wa watu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna dogo pale Mchafukoge, fundi simu, kamaliza form four kama mimi. Jina lake kapuni, hataki maneno. Dogo kaunda kigari cha minyororo kama katapila, kinaendeshwa kwa rimoti, na mbele kina kamera inayorusha picha laivu kwenye simu yake. Kakiunda mwenyewe, usiku, baada ya kufunga meza yake ya ufundi.

Habari zikasambaa. Akatokea staa mmoja wa Bongo Fleva (naye jina kapuni) na wapambe wanne na mpiga picha wake. Akakishika kigari, akacheka, akarekodi, akatupia Insta: Bongo tuna vipaji! Laiki zikashuka kama mvua ya masika. Kabla ya kuondoka akamwambia, "Mdogo wangu, nitakusapoti." Miezi imekatika, simu ya meneja inaita tu haipokelewi.

Haikuishia hapo. Akaja mheshimiwa mmoja, naye na kamera zake. Akauliza eti hiki kinaweza kuuzwa kama zawadi ya bethidei ya watoto? Watu wakacheka. Dogo naye akacheka, afanyeje sasa, ndo ameshasimamishwa mbele ya mkubwa.

Mheshimiwa, siyo toi ile!

Ngoja niwaeleze kilichomo, maana nilikaa na dogo akanionyesha kitu kimoja kimoja. Minyororo yake ni cheni za baiskeli, juu yake kafunga vipande vya tairi chakavu, zile zile za kutengenezea makatambuga. Mota ni mbili, zile za kupandisha vioo vya gari. Hazina mbio ila zina nguvu. Kila mota inazungusha mnyororo wake. Ukitaka kwenda mbele unazungusha yote miwili, ukitaka kukata kona unasimamisha mmoja, na ukiuzungusha mmoja mbele na mwingine nyuma kigari kinageuka hapo hapo kiliposimama. Betri katoa kwenye laptop zilizokufa. Kachambua seli nzima moja moja, kila moja volti 3.7, akaunga tatu mfululizo. Kamera ni simu iliyovunjika kioo, lakini lenzi yake nzima, na pembeni kaweka taa. Ile simu inajitengenezea waifai yake, kwa hiyo haili hata bando.

Kwa nini minyororo na siyo matairi? Kwa sababu matairi madogo yakikutana na kifusi yanazama kwenye mwanya au yanazunguka bure. Mnyororo unagusa chini kwa urefu wote, unagawa uzito na unapanda juu ya tofali. Sasa nyie mnadhani dogo alikuwa anawaza kifusi cha wapi?

Cha hapa hapa! Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, wakiwemo watoto. Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa lingine likaanguka Kariakoo saa ambazo watu wamo madukani. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Mtakumbuka chini ya lile jengo kulikuwa na watu hai, waokoaji wanaongea nao, wanawapitishia maji, glukosi na oksijeni, huku ndugu wamesimama nje siku na usiku wanangoja jina liitwe. Kutoka Mchafukoge kote huko unafika kwa miguu. Mimi na dogo na wewe unayesoma, wote tuna mtu tunayemjua anayeshinda ndani ya yale maghorofa akiuza nguo, viatu au simu.

Na hili wazo siyo ndoto za mtaani. Septemba 2001, majengo ya World Trade Center yalipoanguka New York, roboti ndogo za minyororo zenye kamera ziliingizwa kwenye mianya ambayo mtu wala mbwa asingepita. Hazikumtoa mtu hai, ila dunia iliona kwamba inawezekana kuchungulia kule ndani. Mwaka 2011 kule Fukushima, Japani, roboti za minyororo ndizo zilizoingia kwenye majengo ya mitambo ya nyuklia ambako mionzi ingemdhuru mtu. Mnasema hiyo ni ya wazungu na Wajapani? Haya, hapo Morogoro tu, APOPO na Chuo Kikuu cha Sokoine wanafundisha panya buku wanaovaa kibegi chenye kamera ili waingie kwenye kifusi kutafuta watu. Panya anapewa kamera na anaheshimiwa. Dogo yeye anaambiwa ya kwake ni zawadi ya bethidei!

Najua watakaokuja na maneno. Wa kwanza watasema kigari cha vyuma chakavu hakiokoi mtu, hiyo ni kazi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Sawa kabisa. Hakuna aliyesema dogo aende kwenye kifusi na rimoti yake. Kigari kinatakiwa kijaribiwe na wenye kazi yao, wakikatae au wakirekebishe. Kazi yake ni kuchungulia tu, ili anayetoboa ukuta ajue upande wa pili kuna nani. Na wenye majengo msijifiche hapo, kamera siyo kibali cha kujenga hovyo.

Wa pili watasema staa siyo serikali, halazimiki kumsaidia mtu. Kweli, halazimiki. Lakini video alichukua, laiki alipata, na matangazo yake anauza kwa hesabu ya laiki hizo hizo. Umevuna kwenye shamba la mtu halafu unasema hulazimiki? Mtaani kwetu hilo lina jina lake.

Na anachohitaji dogo wala siyo cha kutisha. Waifai haipenyi zege na nondo, kigari kikiingia ndani kidogo tu picha inakata. Anahitaji waya mrefu wa kupitisha picha na umeme, ambao pia kikikwama utakivuta nje. Anahitaji betri mpya na sehemu yenye kifusi cha kufanyia majaribio. Hiyo yote ni bei ya chupa mnazomwagiana klabu usiku mmoja. Huna hela? Mpeleke basi kwa wahusika. COSTECH wapo, mashindano ya MAKISATU yapo tangu 2019, Zimamoto wapo. Jina lako kubwa linafungua geti ambalo dogo anazuiwa na mlinzi. Kama hata hilo huwezi, futa ile video.

Ghorofa likianguka tena (Mungu atuepushie), nyie ndo mtakuwa wa kwanza kutupia mishumaa na maneno ya pole. Dogo kamera anayo. Mleteeni waya.

Wadau mnasemaje, namuonea staa au nimesema ukweli? Funguka hapo chini. Mwenye waya au anayemjua mtu Zimamoto aseme, nitamuunganisha na dogo. Matusi sipitishi.