Anayenyonyesha apewe chumvi ya dukani, si ya mtandaoni

Rafiki yako akijifungua, mtaa mzima hugeuka daktari. Huyu analeta uji wa wimbi, yule analeta njahi, naye shangazi hataki kusikia lolote ila supu ya miguu iliyochemka usiku kucha. Hayo yote ni mazuri. Lakini siku hizi kuna mshauri mwingine, na huyu anaishi kwa simu. Yeye anasema: tupa hiyo chumvi ya kawaida, nunua ya rangi ya waridi, ile inayoitwa ya Himalaya. Eti ni ya asili, haina kemikali.

Kama una dada, mke au rafiki anayenyonyesha, ushauri huo usimfikie. Na ukimfikia, mwambie aupuuze. Kwa mama huyo, ile pakiti ya chumvi ya bei nafuu pale duka la mtaani ina faida kuliko chumvi ya bei ghali iliyopigwa picha ikapendeza. Sababu ni moja: iodini.

Iodini ndiyo madini ambayo tezi ya shingoni hutumia kutengeneza homoni. Homoni hizo husaidia mwili kukua, na kwa mtoto mchanga, husaidia ubongo kujengeka. Sasa fikiria mtoto wa miezi mitatu. Hali ugali, hali yai, hanywi chai. Chakula chake ni maziwa ya mama tu, kwa hivyo iodini yake yote inatoka kwa mama. Tezi yake ni ndogo na haina akiba ya maana. Mama akikosa, mtoto naye anakosa, tena wakati ule ule ubongo wake unakua kwa kasi.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, lakini anayenyonyesha anahitaji 250. Kwa hesabu hiyo, yeye ndiye anayehitaji iodini nyingi kuliko wote wanaokula kwenye hiyo meza. Halafu ndiye tunayemwondolea chumvi yenye iodini kwa sababu ya video ya dakika moja!

Wanaoogopa "kemikali" wajue kwamba kitu wanachokimbia ndicho hicho mtoto anachohitaji. Chumvi nyingi ya waridi haijaongezwa iodini, na ile iliyomo kiasili ni kidogo mno. Ya kwetu huongezwa kwa makusudi. Mvua imeosha iodini kutoka kwenye udongo kwa maelfu ya miaka ikaipeleka baharini, kwa hivyo mazao ya nyanda za juu mara nyingi huwa na iodini kidogo. Muulize nyanya yako kama anawakumbuka watu waliovimba shingo, ule ugonjwa unaoitwa rovu. Kenya iliweka sheria ya kuongeza iodini kwenye chumvi mwaka wa 1978, na leo karibu kila jikoni nchini kuna chumvi hiyo. Kizazi chetu hakikumbuki rovu, na ndiyo maana ni rahisi kutudanganya kwamba chumvi hii haina kazi.

Najua utasema: si tunaambiwa tupunguze chumvi kwa sababu ya presha? Ni kweli, tupunguze. WHO inataka mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Hakuna anayemwambia mama amwage chumvi kwenye sufuria. Jambo ni kwamba hiyo kidogo anayokula iwe na iodini.

Tena tufanye hesabu. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo itampa mikrogramu 150 ndani ya hizo gramu tano, kabla ya nyingine kupotea wakati wa kupika. Bado hajafika 250. Pengo hilo halizibwi kwa chumvi zaidi. Linazibwa kwa maziwa, mayai, na samaki wa baharini akipatikana. Kwa hivyo ukienda kumwona mtoto, trei ya mayai ni zawadi ya maana kuliko soda.

Na chumvi yenyewe itunzwe. Nyumba nyingi za chumba kimoja huweka mkebe wa chumvi wazi kando ya meko, penye joto na mvuke. Iodini hupotea hivyo hivyo polepole. Funika mkebe, uweke mbali na moto na jua, na utie chumvi chakula kikikaribia kuiva.

Kuna wanaodhani tembe za kliniki zinatosha. Zile za madini ya chuma na foliki asidi ni muhimu, lakini hazina iodini. Wala usikimbilie tembe za mwani zinazouzwa mtandaoni, kwa sababu iodini ikizidi sana pia huvuruga tezi ya mtoto. Anayetaka tembe, au mwenye ugonjwa wa tezi, amwone daktari kwanza.

Kwa maoni yangu, kliniki zetu nazo zinaweza kufanya zaidi. Mama akipeleka mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa, aulizwe swali moja tu: nyumbani mnatumia chumvi gani? Haligharimu chochote, na linaweza kumnasua mama aliyekwisha kubadilisha chumvi bila kujua alichopoteza.

Nawe unayetumwa dukani, usijitoe. Baba mtoto, kaka, hauskini, yeyote anayeshika pesa ya soko ndiye anayeamua chumvi gani itaingia nyumbani. Geuza pakiti usome. Kama haisemi imeongezwa iodini na haina alama ya KEBS, irudishe kwenye rafu. Ile ya waridi waachie wanaopiga picha za chakula.